Sheria Iliyolala Miaka 102

Wengi wetu tumesikia jinsi Waamerika weusi walivyobaguliwa mabasini na mashuleni. Lakini kulikuwa na ubaguzi mwengine uliowafuata mpaka mlangoni: kunyimwa nyumba hata wakiwa na pesa mkononi.

Tuchukue mji wa St. Louis, jimbo la Missouri. Mwaka 1911 wenye nyumba wa mtaa mmoja walitia sahihi mapatano kwamba kwa miaka 50 nyumba zao zisikaliwe na watu weusi wala watu wa asili ya Asia. Mwaka 1945, J.D. Shelley na mkewe Ethel, watu weusi, wakanunua nyumba hapo bila kujua habari hiyo. Louis Kraemer, mmoja wa wenye nyumba waliofungwa na mapatano yale, akaenda kortini ili watolewe. Kesi ikapanda mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani. Mwaka 1948 majaji wakaamua kuwa korti haiwezi kutekeleza mapatano kama hayo. Akina Shelley wakabaki kwao.

Je, mambo yakaisha? La. Mwenye nyumba bado aliweza kusema mwenyewe, "Wewe mweusi sikuuzii," na asiguswe na mtu.

Mwaka 1965, nje ya mji huo huo, Joseph Lee Jones na mkewe Barbara Jo walitaka nyumba katika mtaa mpya wa Paddock Woods. Kampuni ya Alfred H. Mayer ikakataa kwa kuwa Jones ni mweusi. Wakashitaki, wakashindwa korti mbili.

Kumbe sheria ilikuwapo zamani! Mwaka 1866, baada tu ya utumwa kukomeshwa, Kongresi ilisema kila raia ana haki sawa na ya mzungu ya kununua, kukodi, kurithi na kuuza mali. Rais Andrew Johnson aliipinga, Kongresi ikaipitisha hivyo hivyo. Lakini kwa miaka mingi ikachukuliwa kuwa inawafunga maafisa wa serikali tu, basi ikalala.

Tarehe 17 Juni 1968, majaji 7 kati ya 9 wakaiamsha: sheria hiyo inamfunga hata muuzaji binafsi. Miezi miwili nyuma, tarehe 11 Aprili, wiki moja baada ya kuuawa Martin Luther King, Rais Lyndon Johnson alikuwa ametia sahihi sheria mpya ya makaazi. Hiyo ilikataza ubaguzi wa rangi, wa asili na hata wa dini. Kwa hiyo Muislamu anyimwaye nyumba huko kwa ajili ya dini yake ana pa kushitaki.

Wahenga walisema, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Lakini mara nyingi haki hailetwi mlangoni. Vijana wenzangu, zisomeni sheria. Walioiamsha hii hawakuwa wakubwa wa nchi, bali mume na mke waliotaka nyumba ya kukaa, wakakataa kunyamaza.