Mji Uliokesha Stesheni

Msomaji, bila shaka umewahi kusafiri, na gari likasimama kidogo katika mji usioujua. Wauzaji wa mahindi na machungwa hukimbilia madirishani, nawe hununua, hulipa, na safari ikaendelea. Mji ule huuwazi tena. Leo nataka nikuonyeshe mji mmoja wa namna hiyo, ambapo gari lilisimama kwa muda wa dakika kumi tu, lakini wasafiri waliopita hapo walizikumbuka dakika hizo kumi mpaka uzeeni mwao.

Jina lake ni North Platte, nao umo katika jimbo la Nebraska, katikati ya nchi ya Marekani, mahali ikutanapo mito miwili ya Platte, wa kaskazini na wa kusini. Katika miaka ya 1940 ulikuwa na watu wapatao 12,000. Ni mji uliokuzwa na reli, kama Nairobi yetu ilivyoanza kwa kambi ya reli mwaka 1899. Magari ya moshi ya kampuni ya Union Pacific yalisimama hapo ili mitambo yake itiwe maji na kupakwa mafuta, kisha yakaendelea na safari.

Tarehe 7 Desemba, 1941, ndege za Japani zilishambulia bandari ya Pearl Harbor, na Marekani ikaingia vitani. Siku kumi baadaye habari zilienea mjini kwamba gari lililochukua vijana wa kombania D ya Nebraska lingepita hapo. Vijana hao walikuwa wana wa nchi hiyo. Basi wazazi, dada na marafiki, watu kama mia tano, walikusanyika stesheni katika baridi kali, mikononi wamebeba vyakula, sigara na zawadi. Gari likafika, madirisha yakafunguliwa. Lo! Vijana waliomo hawakuwa wao. Walikuwa kombania D ya jimbo jingine, Kansas.

Hebu jiweke mahali pa mama mmojawapo. Umempikia mwanao, naye hayumo. Utafanya nini? Watu wale walinyamaza kidogo. Kisha mmoja akanyosha mkono akampa askari asiyemjua zawadi aliyomwekea wake, na wengine wakafuata, mpaka mikono yote ikawa mitupu.

Miongoni mwao alikuwamo msichana wa miaka 26, mwuzaji wa dukani, aitwaye Rae Wilson, ambaye ndugu yake alikuwa katika kombania ile iliyongojwa bure. Hakurudi nyumbani kulalamika. Aliandika barua kwa gazeti la mji, akashauri kwamba kila gari la askari lilakiwe vivyo hivyo, hata kama hakuna anayewajua waliomo. Siku ya Krismasi, tarehe 25 Desemba, 1941, kazi ilianza. Mkuu wa kampuni ya reli, William Jeffers, ambaye alizaliwa katika mji huo huo, aliruhusu chumba cha chakula cha stesheni kitumiwe. Wilson alipougua, Bi. Helen Christ alishika uongozi mahali pake.

Tangu siku hiyo, kila siku, kuanzia alfajiri mpaka gari la mwisho lipite usiku wa manane, kina mama na wasichana walikuwapo. Saa za magari ya askari zilikuwa siri ya vita. Kwa hiyo mtu wa reli aliwapigia simu akisema tu kwamba birika la kahawa limekwisha kutengwa motoni, nao walifahamu maana yake. Askari walishuka mbio, wakapewa kahawa, maziwa, mayai ya kuchemsha, mikate iliyotiwa nyama, matunda na majarida. Aliyesema kwamba leo ni siku yake ya kuzaliwa alipewa keki nzima.

Usidhani kwamba watu hao walikuwa matajiri. Wakati huo serikali iliweka kipimo cha sukari, nyama na petroli, na kila nyumba ilipata fungu lake tu. Mama aliyeoka keki kwa ajili ya mgeni alipunguza sukari ya watoto wake. Mji mmoja usingeweza mzigo huo peke yake. Vijiji na miji midogo ipatayo 125 iligawana siku kwa zamu, na wengine walitoka mbali sana. Fedha zilitokana na michango yao wenyewe. Rais Franklin Roosevelt alipeleka noti ya dola 5, nayo ikapokelewa kama mchango wa mtu mwingine yeyote. Kazi ilipofungwa tarehe 1 Aprili, 1946, askari zaidi ya milioni sita walikuwa wamehudumiwa. Haba na haba hujaza kibaba.

Walakini, msomaji, historia si hadithi ya kubembelezea watoto. Yapasa ujue na jambo la pili. Mwaka 1929 polisi mmoja wa mji huo huo aliuawa na mtu mweusi. Umati wa Wazungu ukawageukia weusi wote waliokaa hapo, watu wasio na hatia yo yote, ukawaamuru wahame, nao wakakimbia na kuacha nyumba zao. Miaka kumi na mitatu haijatimia, na watu wa mji ule ule wanawagawia wageni chakula cha watoto wao. Na askari weusi, ambao jeshi lenyewe liliwatenga na wenzao, walipewa kahawa ile ile katika chumba kile kile.

Je, mji huo ulikuwa mwema au mwovu? Mimi naona kwamba swali hilo limeulizwa vibaya. Wema haukai katika udongo wa mji, wala haurithiwi kama ng'ombe. Mwaka 1929 watu walisimama wakaifuata sauti ya ghadhabu. Mwaka 1941 walisimama wakaufuata mkono wa kwanza ulionyoshwa. Umati hauna moyo wake wenyewe. Huazima moyo wa yule atanguliaye.

Stesheni ile ilibomolewa mwaka 1973, wala hakuna gari la abiria lisimamalo hapo tena. Lakini katika mji wako, msomaji, mko watu, na siku moja watakusanyika, kwa furaha au kwa hasira, huku kila mmoja akimtazama mwenziwe aone atafanya nini. Siku hiyo, mkono wa kwanza na uwe wako.