Kwinini na Artesuneti: Sindano Mbili za Malaria Kali

Mtoto akipata degedege au akizimia kwa malaria, hospitalini hudungwa sindano. Zamani ilikuwa kwinini. Siku hizi daktari huanza na artesuneti, na wazazi wengine hulalamika: mbona hamumpi ile kali?

Kwinini ilitolewa katika maganda ya mti wa sinkona mwaka 1820 na Wafaransa wawili, Pelletier na Caventou. Imeokoa wengi, pengine hata wewe. Lakini masikio kulia si dalili kwamba dawa imeshika. Ni madhara yake. Tena hushusha sukari mwilini, na mtoto anayeonekana amelemewa na malaria kumbe ameishiwa sukari. Ikiingia mshipani haraka huweza kuvuruga moyo, ndiyo maana ilitiririshwa kwa dripu saa nyingi.

Artesuneti asili yake ni mmea wa Uchina. Mwaka 1972 kikundi cha Bi. Tu Youyou kilipata kiini chake, baada ya yeye kusoma maandishi ya mganga Ge Hong ya miaka zaidi ya 1,600 iliyopita. Mama huyo alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015.

Tofauti ni hii. Kijidudu cha malaria hukulia ndani ya chembe za damu, kisha kikikomaa hunata katika mishipa midogo ya ubongo. Kwinini hukipata kikiwa kimeshakua. Artesuneti hukiua kingali kichanga, kabla hakijanata.

Zilipolinganishwa kwa watoto 5,425 wa nchi tisa za Afrika, Kenya ikiwemo, matokeo yalitoka mwaka 2010: katika kila watoto 100, waliopewa kwinini walikufa kama 11, wa artesuneti, kati ya 8 na 9. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani likapendekeza artesuneti kwa watoto.

Nayo ina lake. Watoto wachache hupungukiwa damu wiki moja hadi tatu baadaye, wakati mama ameshasahau hospitali. Tazama viganja na ndani ya kope. Vikiwa vyeupe, au mkojo ukiwa mweusi kama kahawa, mrudishe siku hiyo hiyo na umweleze daktari kwamba alidungwa artesuneti.

Kama hospitali ina kwinini tu, usikatae. Uliza sukari yake inapimwa saa ngapi. Na baada ya sindano yoyote kati ya hizi, vidonge vya siku tatu utakavyopewa vimalizwe vyote, hata mtoto akiwa tayari anacheza uani.