Mikono ya Daktari: Jibu Rahisi Lililookoa Akina Mama

  

Mtoto wa jirani ana miezi saba, na tangu juzi anahara. Nyanya yake anasema ni meno. Shangazi anasema ni kijicho, kuna mtu alimtazama vibaya sokoni. Mwingine anasema maziwa ya mama yameharibika kwa sababu ya kutembea juani. Mtoto ni mmoja, sababu ni tatu, na kila anayesema ana uhakika. Je, mama huyu aanze wapi?

Kabla ya kumjibu, sikiliza kisa cha kweli. Kilitokea katika mji wa Vienna, nchini Austria, na kinawahusu akina mama kama wewe.

Hospitali kuu ya mji huo ilikuwa na wadi mbili za kujifungulia. Wadi ya Kwanza ilikuwa ya madaktari na wanafunzi wao. Wadi ya Pili ilikuwa ya wakunga. Akina mama walipokelewa kwa zamu, siku moja wadi hii, siku nyingine wadi ile. Mwaka wa 1846, katika Wadi ya Kwanza walijifungua akina mama 4,010, na 459 kati yao wakafa. Katika Wadi ya Pili walijifungua 3,754, wakafa 105. Wengi waliuawa na homa ya uzazi, ile inayompata mama siku chache baada ya kujifungua.

Akina mama wa Vienna walilijua jambo hili. Walipiga magoti wakilia wasipelekwe Wadi ya Kwanza. Hata waliojifungulia njiani walipona kuliko waliozalishwa na madaktari hao.

Daktari kijana kutoka Hungaria, Ignaz Semmelweis, alianza kazi katika wadi hiyo mwaka huo wa 1846. Vifo hivyo vilimnyima usingizi. Wakubwa wake walikuwa na majibu mengi. Walisema ni hewa mbaya ya mji. Lakini wadi zote mbili zilikuwa katika mji mmoja na hospitali moja. Walisema ni msongamano. Lakini Wadi ya Pili ndiyo iliyojaa zaidi. Walisema ni hofu, kwa sababu padri alipita na kengele akienda kuwaombea wanaokufa. Padri akaombwa apite njia nyingine, bila kengele. Vifo vikaendelea. Akina mama wakazalishwa wakiwa wamelala ubavu, kama walivyofanya wakunga. Vifo vikaendelea.

Machi 1847, daktari rafiki yake, Jakob Kolletschka, alichomwa kidole na kisu cha mwanafunzi walipokuwa wakipasua maiti. Akaugua, akafa. Semmelweis aliposoma ripoti ya uchunguzi wa mwili wa rafiki yake, alishtuka. Dalili zilikuwa zile zile za homa ya uzazi, na huyu alikuwa mwanamume!

Ndipo akaiona tofauti. Asubuhi madaktari na wanafunzi walipasua maiti, kisha wakaenda wadini kuwapima akina mama kwa mikono hiyo hiyo. Wakunga hawakupasua maiti. Madaktari walinawa kwa sabuni, lakini harufu ya maiti ilibaki mikononi. Basi kitu kilichokuwa mikononi ndicho kilichoua.

Hakuishia kusema, alijaribu. Katikati ya Mei 1847 aliagiza kila mtu anawe kwa maji yenye klorini kabla ya kumgusa mama. Mwezi wa Aprili walikuwa wamekufa akina mama 18 katika kila 100. Mwezi wa Juni walikufa 2 katika kila 100. Mwaka wa 1848, kati ya akina mama 3,556 wa wadi hiyo, walikufa 45.

Oktoba 1847 alipata somo jingine. Mama mmoja mwenye saratani ya mji wa mimba alipimwa wa kwanza, kisha wenzake 12 wakapimwa bila mikono kuoshwa tena kwa klorini. Kumi na mmoja wakafa. Akajua kwamba uchafu hautoki kwa maiti peke yake, hata kwa mgonjwa aliye hai unatoka. Akaagiza mikono ioshwe baada ya kila mgonjwa.

Wasomi wana kanuni ya zamani inayohusishwa na William wa Ockham, mtawa Mwingereza wa miaka ya 1300: usiongeze sababu pasipo haja. Anza na maelezo yaliyo rahisi. Lakini mama, rahisi si lile linalotangulia kufika mdomoni. "Hewa mbaya" ni rahisi kutamka, ila haikueleza kwa nini wadi moja iliua kuliko nyingine. Jibu la kushika ni lile rahisi linaloeleza yote tunayoyaona, na ambalo tunaweza kulijaribu.

Je, madaktari walimshukuru? Wengi walikataa. Kukubali kulikuwa kukiri kwamba mikono yao wenyewe iliwaua akina mama. Semmelweis aliondoka Vienna mwaka wa 1850, akafa mwaka wa 1865, bado akipingwa. Mwaka wa 1879 Louis Pasteur wa Ufaransa alionyesha viini vya homa ya uzazi. Kumbe jibu rahisi linaweza kuwa gumu kulimeza.

Sasa turudi kwa mtoto wetu. Akiwa na miezi saba anaanza kutambaa, anatia kila kitu mdomoni, na ameanza kula uji. Njia za viini kuingia tumboni zimeongezeka. Ndiyo maana kuhara kunakuja wakati wa meno, ingawa meno siyo yanayokuleta. Usijilaumu, wala usimlaumu jirani. Fanya haya:

- Nawa mikono kwa sabuni baada ya kutoka chooni, baada ya kumsafisha mtoto, na kabla ya kupika, kumlisha au kumnyonyesha.
- Weka mtungi wenye tundu dogo na kipande cha sabuni karibu na choo.
- Tibu au chemsha maji ya kunywa, na uyafunike.
- Mtoto akihara, endelea kumnyonyesha. Mpe maji ya ORS kama pakiti inavyoelekeza, na uulize kituo cha afya kuhusu vidonge vya zinki.
- Mkimbize hospitalini ukiona damu kwenye choo, macho yameingia ndani, amelegea, hawezi kunyonya au anatapika kila kitu.

Na ukienda kliniki, usione haya kumwambia anayekuhudumia, "Tafadhali daktari, umenawa mikono?" Akina mama wa Vienna hawakupata nafasi ya kuuliza swali hilo. Wewe unayo.

Kwaheri mama, na kumbuka: kinga ni bora kuliko tiba.