Shingo ya Risasi

Mara ya kwanza kuona 577/450, nilidhani ni hesabu ya sehemu. Kumbe ni jina la risasi! Na wallahi, namba hizo zimebeba historia.

Bunduki ya Snider ilitumia risasi ya inchi 0.577. Mwaka 1871 jeshi la Uingereza lilipochukua Martini-Henry, ganda lile la shaba lilirefushwa, mdomo ukabanwa mpaka ukapata shingo ya kushika risasi nyembamba ya 0.450. Baruti nyingi nyuma, risasi nyembamba mbele: ikafika mbali zaidi, ikanyooka zaidi.

Ndiyo waliyokuwa nayo Isandlwana, Januari 22, 1879. Wazulu, wengi wakiwa na mikuki na ngao, wakawashinda hata hivyo.

Kinachonigusa ni kilichofuata. Martini zilisambaa hadi kwa watawaliwa wenyewe. Mwanzoni mwa karne ya 20, Waingereza wakapiga marufuku risasi za .450 India na Sudan, wakihofia zitaishia kwenye bunduki za waasi. Watengenezaji wa bunduki za uwindaji wakahamia vipimo kama .470.

Mkoloni alibana shingo kwa ajili ya shabaha. Safari hii akabadilisha kipimo kwa sababu ya woga.