Mvi Mbele ya Hakimu: Mzee Aliyeua kwa Chuki Ahukumiwe Namna Gani?

  

Leo tunazungumza juu ya swali gumu. Mtu aliua, au alituma wengine kuua, kwa sababu ya rangi au kabila la wale waliokufa. Miaka ikapita, wala hakuna aliyemgusa. Sasa amezeeka. Anatembea na fimbo, macho yamepungua, wajukuu wanamshika mkono. Ndipo siku ya hukumu inafika. Je, ahukumiwe sawa na kijana? Au tuseme, "Mwacheni mzee akafie nyumbani kwake"?

Swali hili lina uzito kwetu, kwa maana sisi ni watu wa kuheshimu mvi. Tumelelewa tukiambiwa kwamba penye wazee haliharibiki neno. Lakini wewe uliyekimbia unajua pia kwamba mara nyingine wazee wenyewe ndio walioliharibu neno. Kijana alishika panga, na nyuma yake alikuwako mtu mzima aliyemwambia nyumba ya kwenda.

Hatutaanza na habari za kwetu. Kidonda cha nyumbani kikiguswa ghafla, mtu huruka. Tutaanza mbali, Marekani, tuone wengine walifanya nini, kisha tutarudi karibu.

VIJANA WATATU WA MWAKA 1964

Katika jimbo la Mississippi, kusini mwa Marekani, watu weusi walizuiwa kupiga kura kwa vitisho na kwa hila nyingi. Mwaka 1964 vijana wengi, weusi na weupe, waliingia jimboni kuwasaidia waandikishwe. Kati yao walikuwako watatu: James Chaney, kijana mweusi wa palepale Mississippi, mwenye miaka 21, Andrew Goodman, miaka 20, na Michael Schwerner, miaka 24, vijana weupe wa ukoo wa Kiyahudi kutoka New York.

Tarehe 21 Juni 1964 walikwenda kutazama kanisa la watu weusi lililochomwa moto karibu na mji mdogo unaoitwa Philadelphia. Walipokuwa wakirudi, polisi aliwakamata na kuwafunga. Usiku aliwaachia, lakini njiani walifuatwa na kikundi cha Ku Klux Klan, chama cha siri cha weupe wenye chuki. Polisi yuleyule alikuwa pamoja na kikundi hicho. Wote watatu walipigwa risasi. Maiti zao zilifukiwa chini ya ukuta wa udongo wa bwawa, zikaonekana baada ya siku 44.

Aliyekusanya watu wa kazi hiyo alikuwa Edgar Ray Killen, mwenye kiwanda cha kupasua mbao, ambaye pia alikuwa mhubiri. Msikilizaji, shika neno hilo: mhubiri.

Jimbo halikumshtaki mtu yeyote kwa mauaji. Mwaka 1967 serikali kuu ya Marekani iliwashtaki watu 18 kwa kosa la kula njama ya kuwanyima wenzao haki zao. Saba walionekana na hatia, wala hakuna aliyekaa gerezani zaidi ya miaka sita. Kule ni desturi wananchi 12 kuketi mahakamani na kuamua kama mtu ana hatia, na sharti wote wakubaliane. Juu ya Killen, 11 walisema ana hatia. Mama mmoja alikataa, akisema hawezi kumtia hatiani mhubiri. Killen akarudi nyumbani. Alikuwa na miaka 42.

MIAKA 41 BAADAYE

Killen aliendelea kupasua mbao na kuhubiri. Akazeeka kwake, mahali ambapo watu wengi walijua lililotendeka.

Kilichogeuza mambo kilianzia kwa watu wa mahali pale. Mwaka 2004 wakaaji wa wilaya hiyo, weusi, weupe na Wahindi Wekundu wa kabila la Choctaw, waliketi pamoja, wakatoa tangazo la kudai haki itendeke. Hawakusema, "Mambo ya zamani tuyaache." Walisema aibu hii ni ya mji wetu, nasi wenyewe tuiondoe.

Mwezi wa Januari 2005 Killen alikamatwa. Alifika mbele ya hakimu akiwa na miaka 80, ameketi katika kiti cha magurudumu, maana miguu yake ilikuwa imevunjika alipokuwa akikata mti. Wengine walisema: mtamfunga babu huyu ili mpate nini?

Lakini tazama ni nani wengine waliokuwa mle ndani. Mama ya James Chaney alikuja kutoa ushuhuda, naye alikuwa amepita miaka 80. Mama ya Andrew Goodman alikuja, naye alikuwa na miaka 89. Uzee haukuwa wa mshtakiwa peke yake. Akina mama hawa nao walizeeka, lakini walizeeka bila watoto wao. Wote wawili walifariki mwaka 2007. Kama mahakama ingechelewa miaka mitatu tena, wasingeiona siku ile.

Tarehe 21 Juni 2005, siku ileile ya mauaji, miaka 41 imetimia, wananchi 12, weupe tisa na weusi watatu, walimwona Killen na hatia ya kuua watu watatu, ijapokuwa hawakulitaja kuwa kosa zito kabisa la kuua kwa kukusudia. Jaji alimpa miaka 20 kwa kila mtu aliyekufa, mmoja baada ya mwingine, yaani miaka 60. Alijua mzee hawezi kuimaliza. Alieleza kwamba kila uhai una thamani sawa na mwingine, kwa hiyo watatu hawawezi kuhesabiwa kama mmoja.

Iko habari moja tena. Wiki chache baadaye Killen alifunguliwa kwa dhamana ya dola 600,000 akingoja rufani, kwa sababu ilisemwa kwamba ni mgonjwa sana. Halafu akaonekana nje akitembea. Jaji akamrudisha gerezani. Alifia humo tarehe 11 Januari 2018, akiwa na miaka 92, bila kukiri.

MZEE MWINGINE, MIEZI SITA

Usidhani kila mzee alihukumiwa vile. Katika jimbo jirani la Alabama, usiku wa tarehe 18 Februari 1965, watu weusi wa mji wa Marion walitoka kanisani ili waandamane kudai kura. Polisi wa jimbo wakawapiga kwa marungu. Kati ya waliopigwa alikuwako babu mwenye miaka 82. Usiku ule hakuna aliyezitazama mvi zake. Mjukuu wake, Jimmie Lee Jackson, mwenye miaka 26, alijaribu kuwakinga babu na mama yake. Polisi mmoja, James Bonard Fowler, akampiga risasi. Alikufa baada ya siku nane, na kifo chake ndicho kilichoamsha maandamano makubwa ya Selma.

Fowler alishtakiwa mwaka 2007. Mwaka 2010, akiwa na miaka 77, walielewana na mwendesha mashtaka: alikiri kosa dogo la kuua, akaiomba msamaha familia, ingawa alishikilia kwamba alikuwa akijitetea. Alipewa miezi sita, na akatoka kabla haijaisha kwa sababu ya ugonjwa.

Mmoja miaka 60, mwingine miezi sita. Wote wazee, wote wa wakati uleule wa chuki. Yako yanayowatenganisha: Killen alipanga mauaji ya watu watatu na hakukiri; Fowler alifyatua risasi katika fujo na alisema neno la pole. Lakini ukiwa jamaa ya Jimmie Lee, miezi sita kwa uhai wa mtu unaipima kwa mizani gani? Ndiyo sababu nasema swali letu ni gumu.

KARIBU NA KWETU

Sasa turudi upande wetu. Sisemi haya kwa kulaumu kabila lolote. Nasema juu ya mtu mmoja aliyehukumiwa mahakamani.

Mwezi wa Aprili 1994, huko Mugonero, Rwanda, Watutsi wengi walikimbilia kanisa na hospitali. Mchungaji mkubwa wa pale alikuwa Elizaphan Ntakirutimana. Baadaye alikamatwa Marekani na kupelekwa Arusha, Tanzania, mbele ya mahakama ya Umoja wa Mataifa. Mahakama iliona kwamba alisaidia mauaji ya kimbari: katika mambo mengine, aliwapeleka washambuliaji na kuamuru paa la kanisa moja liondolewe ili watu wasipate tena pa kujificha.

Mwezi wa Februari 2003, akiwa na miaka 78, alipewa kifungo cha miaka 10. Mwanawe, daktari, katika kesi ileile alipewa miaka 25. Kwa baba, majaji walitazama uzee wake, afya yake na maisha yake ya zamani. Rufani ya mwaka 2004 ilibadilisha baadhi ya makosa lakini iliacha miaka 10. Alitoka Desemba 2006, akafa mwezi uliofuata.

Hapa unaona njia ya tatu. Cheo chake hakikumwokoa, wala mvi hazikumfutia hatia. Lakini zilipunguza muda.

Iko na njia ya nne. Félicien Kabuga, tajiri aliyeshtakiwa kwamba aliyagharamia mauaji yaleyale, alikamatwa Ufaransa mwaka 2020, akiwa amepita miaka 80. Mwaka 2023 majaji wa Umoja wa Mataifa waliisimamisha kesi yake, kwa kuwa ugonjwa wa kusahau ulikuwa umemshika hata asiweze kuifuata. Haikuwa kusema hana hatia. Mtu asiyeelewa anachoulizwa hawezi kujibu. Lakini waliofiwa walibaki bila jibu, na hapo tunaona kwamba kuchelewa nako kunaumiza haki.

TUNAJIFUNZA NINI?

Kwanza, uzee haufuti kosa. Nchi yetu iliridhia Mkataba wa Roma wa mahakama ya kimataifa mwaka 2002. Mkataba huo unasema mahakama ile haiwahukumu waliotenda wakiwa chini ya miaka 18, lakini hauweki mwisho wa umri kwa wazee. Unasema pia kwamba makosa makubwa yale hayazeeki. Hata hivyo kanuni zake zinawaruhusu majaji kutazama umri wa mtu wanapopima adhabu. Basi umri una mahali pake: si mlangoni, wakati wa kuuliza nani alitenda, bali ndani, wakati wa kupima mzigo.

Pili, tuulize miaka ile ilitoka wapi. Killen alipata miaka 41 ya kulala kwake. Chaney alipata miaka 21 tu ya maisha yote. Mtu asiyageuze maisha marefu aliyowanyima wengine kuwa hoja ya kujitetea. Lakini tuwe wa haki: kama serikali ndiyo iliyolala, kosa la kulala lisiongezwe juu ya kichwa cha mzee. Ahukumiwe kwa alilotenda.

Tatu, huruma iuendee mwili wake, isiuguse ukweli. Mfungwa mzee apewe dawa, kitanda na chakula anachoweza kutafuna. Akiwa mgonjwa, daktari amwangalie, tusiamini kiti cha magurudumu peke yake. Na aliyekiri, akaonyesha mahali walipozikwa watu, apunguziwe kuliko yule anayejificha nyuma ya fimbo yake. Maana mama akijua kaburi la mwanawe lilipo, anaweza kulia akamaliza.

Nne, kibaba kiwe kimoja. Tusilie, "Mzee wetu ameonewa," halafu tukapiga kelele, "Mzee wao anyongwe!" Na mtu akihukumiwa kwa jina lake, watoto na kabila lake wanatuliwa mzigo usio wao. Kumbuka weupe tisa wa Mississippi waliomtia hatiani mweupe mwenzao. Siku ile hawakuusaliti ukoo wao, waliusafisha.

Wewe uliye kambini, labda utaambiwa: "Yamepita, yule ni babu sasa." Wenzetu wa pwani husema, mwenye kovu usidhani kapoa. Una haki ya kudai ukweli usemwe mbele ya watu. Lakini usichukue panga kumfuata mzee usiku. Ukimuua, ukweli anaoujua unazikwa naye, na mjukuu wake ataanza kukuhesabia miaka.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA BARAZANI

1. Mzee wa kabila letu akishtakiwa, tutasema maneno yaleyale tunayosema juu ya mzee wa kabila jingine?

2. Mzee aliyekiri na mzee aliyekataa kukiri: adhabu zao zitofautiane kiasi gani?

3. Ni nani kati yetu, akina mama na akina baba waliofiwa, amezeeka akingoja kusikilizwa? Tumwandikie ushuhuda wake leo, kabla hajaondoka.