Mombasa ya Halo, Kiswahili cha Majini, na hii akili unde

Siku hizi kila nikipita mtandaoni nakuta watu wa gemu wanagombana kuhusu akili unde. Wengine huiita akili bandia, wengine akili mnemba, lakini hapa nazungumzia ile inayotengeneza picha, sauti na maandishi. Upande mmoja unasema huo ni wizi mtupu. Upande wa pili unasema ni maendeleo, mwenye wivu ajinyonge.

Mimi ni mwandishi wa programu na naishi Nyali. Naona ugomvi huu unasimuliwa kuanzia katikati, kana kwamba kila kitu kilianza 2022 ilipotoka ChatGPT. Sisi wa pwani tuna sababu ya kuanza nyuma zaidi, kwa maana mji wetu na lugha yetu vimo ndani ya gemu za dunia tangu zamani. Basi leo nawapa historia kidogo, halafu maoni yangu. Kaeni vizuri, ni ndefu.

Tuanze na 2004. Tarehe 9 Novemba mwaka huo kampuni ya Bungie, ambayo wakati huo ilikuwa mali ya Microsoft, ilitoa Halo 2. Ndani yake mnapigana katika mji uitwao New Mombasa, yaani Mombasa Mpya, mwaka 2552. Viumbe kutoka sayari za mbali wameuvamia, na wewe unaingia na bunduki na kifaru kuwafukuza. Mwaka 2007 Halo 3 ikapitia Tsavo na Voi. Mwaka 2009 ikaja Halo 3: ODST, na hiyo karibu yote iko ndani ya Mombasa hiyo. Tazama majina ya hatua zake: Kizingo Boulevard, Kikowani Station, Tayari Plaza. Kizingo na Kikowani tunazijua, ziko kisiwani, ng'ambo ya daraja letu. Tayari Plaza nadhani bado iko njiani.

Sasa sikiliza hili. Katika ODST mji huo unaangaliwa na akili unde iitwayo Superintendent. Ndiyo inayoongoza magari, taa na matangazo ya barabarani, na inamsaidia mchezaji kupata njia usiku mji ukiwa umeharibika. Mtaalamu anayeishughulikia katika hadithi anaitwa Daktari Daniel Endesha. Endesha! Mtu alifungua kamusi ya Kiswahili, akatafuta neno la kuendesha mitambo, akaligeuza jina la ukoo. Nilicheka siku nzima.

Sikasiriki. Jina la mji si mali ya mtu, na watoto wengi wa huku walijivuna kusikia Mombasa ikitajwa. Lakini tuone ilivyokuwa. Tarehe 12 Juni 2009 Rais Kibaki alikuwa Fort Jesus kuupokea rasmi mkongo wa TEAMS, uliotandazwa chini ya bahari kutoka Fujairah. Kabla ya mikongo ya mwaka huo, Kenya ilitegemea setilaiti kupata intaneti ya nje, ghali na ya polepole. ODST ilitoka Septemba mwaka huo huo. Kwa hiyo Mombasa ya kwenye gemu ilikuwa tayari inaendeshwa na akili unde wakati Mombasa yenyewe ndiyo kwanza inaunganishiwa waya. Tuliingia katika biashara hii kama jina kwenye ramani, si kama wafanyakazi.

Mfano wa pili ni lugha. Mwaka 2005 ilitoka Civilization IV, na wimbo wake wa kufungulia ni "Baba Yetu", uliotungwa na Christopher Tin. Maneno yake ni Sala ya Bwana kwa Kiswahili. Katika gemu uliimbwa na Talisman, kundi la wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford. Baadaye Tin aliurekodi upya na Soweto Gospel Choir, na Februari 2011 ukapata tuzo ya Grammy, wimbo wa kwanza uliotungwa kwa ajili ya gemu kupata tuzo hiyo. Kumbukeni: wimbo wa kwanza wa gemu kufika huko ulikuwa wa Kiswahili.

Waimbaji wale hawakuwa Waswahili. Lakini ukitaka kujua nani aliimba, nani alitunga, maneno yametoka wapi, unajua. Majina yapo. Ukiona matamshi yana kasoro, kuna mtu wa kumwandikia. Shikilieni jambo hili la majina, nitalirudia.

Mfano wa tatu ni mbaya zaidi. Machi 2009 Capcom ya Japani ilitoa Resident Evil 5. Tangu video yake ya matangazo ya 2007 watu walilalamika: mzungu mwenye bunduki anaua Waafrika, mmoja baada ya mwingine. Ugomvi huo uliandikwa sana. Kilichoandikwa kidogo ni lugha. Maadui wale wanaitwa Majini. Wanaishi mahali pa kubuni paitwapo Kijuju, Afrika Magharibi, lakini wanapiga kelele kwa Kiswahili! Mazimwi mengine yanaitwa Kipepeo, Bui Kichwa na Popokarimu. Mtu wa Lamu au Bagamoyo akisikia anatambua kila neno, halafu anaambiwa hiyo ni Afrika Magharibi. Kiswahili kilitumiwa kama rangi ya ukutani. Ilimradi kisikike cha Kiafrika, ya mahali hawajali.

Haya, na sisi wenyewe tulikuwa tunafanya nini? Hatukulala. Mwaka 2007 Mkenya Wesley Kirinya alitoa The Adventures of Nyangi, gemu ya kompyuta ya pande tatu ambayo hutajwa miongoni mwa za kwanza za aina yake kusini mwa Sahara. Mwaka 2009 yeye na Eyram Tawia wa Ghana wakaanzisha Leti. Mwaka 2011 Planet Rackus ya Nairobi wakatoa Ma3Racer, gemu ya kuendesha matatu kwenye simu za wakati ule. Mwaka 2015 Andrew Kaggia na Black Division Games wakatoa Nairobi X, ambamo viumbe wa angani wanauvamia Nairobi. Ni wazo lile lile la Halo, ila safari hii walioujenga mji ni wenyeji wake.

Niwape picha ya kazi yenyewe, kwa wasioijua. Gemu ndogo inahitaji msimbo, michoro, sauti, muziki, hadithi, na mtu wa kuijaribu hadi ichoshe. Kampuni kubwa ina watu mamia. Huku mtu mmoja anafanya kazi tatu. Ndiyo maana mashine inayochora kwa sekunde 10 inavutia sana huku, na anayewacheka vijana kwa kuvutiwa nayo hajawahi kulipia mchoraji kutoka mfukoni mwake.

Lakini mashine hiyo ilifunzwa vipi? Hapa ndipo historia inaporudi nyumbani.

Tarehe 18 Januari 2023 gazeti la TIME la Marekani lilichapisha uchunguzi wake kuhusu OpenAI na Sama, kampuni iliyokuwa na wafanyakazi Nairobi. Kuanzia Novemba 2021 OpenAI walipeleka huko maandishi machafu ajabu: unyanyasaji wa watoto, mauaji, mateso. Kazi ya Wakenya wale ilikuwa kuyasoma na kuyapa alama, ili programu ijifunze kuyatambua na kuyazuia. Bila kichujio hicho, ChatGPT isingeweza kupewa umma.

Hesabu ni hii. Mkataba ulisema OpenAI watalipa dola 12.50 kwa saa. Mfanyakazi alipeleka nyumbani kati ya dola 1.32 na 2 kwa saa. Gawanyeni wenyewe: kati ya senti 11 na 16 katika kila dola. Sama walijibu kwamba ile 12.50 ni gharama zote, si mshahara peke yake, na ni haki kuliandika hilo. Februari 2022 Sama walifanya pia jaribio la picha, wakapeleka picha 1,400 na kulipwa dola 787.50. Hiyo ni kama senti 56 kwa picha, na nyingine zilikuwa za aina ambayo hata kuzitaja hapa sitaki. Mwezi huo huo Sama wakaamua kuvunja mkataba, miezi 8 kabla ya wakati.

Wafanyakazi hawakunyamaza. Daniel Motaung alikuwa ameshaishtaki Meta na Sama mjini Nairobi Mei 2022, kwa kazi kama hiyo ya kuchuja Facebook. Tarehe 1 Mei 2023 zaidi ya wafanyakazi 150 walikutana Nairobi wakapiga kura kuunda chama chao. Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa ikasema Meta inaweza kushtakiwa Kenya. Hilo si dogo. Kampuni hiyo ilikuwa inasema mahakama zetu haziihusu.

Sasa unganisheni. Halo ilichukua jina letu. Resident Evil ilichukua lugha yetu. Nairobi ikatoa kazi. Akili unde inachukua yote matatu kwa pamoja, na michoro juu yake, halafu mwishoni hakuna orodha ya majina. Hapo ndipo naona tofauti. Gemu ikimalizika yanapanda majina: mchoraji, mwimbaji, mjaribu, hata mpishi wakati mwingine. Picha iliyotoka kwenye mashine haina orodha hiyo. Haijulikani ni wachoraji gani walitazamwa, wala ni kijana gani wa Nairobi aliyeisafisha.

Na matokeo yake huonekana. Nimejaribu programu moja niliyoiomba inichoree kichochoro cha Mji wa Kale. Ikaniletea milango ya Moroko, ngamia, na jangwa kwa mbali. Ngamia tunao, wako ufukweni wanabeba watalii, lakini jangwa? Ni Kijuju ile ile. Kwa Capcom kulikuwa na mtu wa kumlaumu. Kwa mashine unalaumu wastani wa picha zote za dunia, ambamo sisi ni wachache.

Wenzetu wa nje wamepigana pia. Waigizaji wa chama cha SAG-AFTRA waligoma dhidi ya kampuni za gemu kuanzia 26 Julai 2024 hadi katikati ya 2025. Walitaka sauti na mwili wa mtu visinakiliwe na akili unde bila idhini yake, na mkataba waliopata unagusa hilo. Tangu Januari 2024 duka la Steam linamtaka mtengenezaji aeleze kama ametumia akili unde. Desemba 2025 Indie Game Awards waliinyang'anya Clair Obscur: Expedition 33 tuzo zao kwa sababu hiyo. Na Microsoft, wenye Halo, walitangaza Julai 2025 kupunguza wafanyakazi kama 9,000, wengine wa upande wa gemu, siku chache baada ya kumalizika mwaka wa fedha ambao walikuwa wamepanga kutumia dola bilioni 80 kwa vituo vya data vya akili unde.

Je, nasema tuipige marufuku? La. Natumia vifaa hivi kazini kutafuta makosa katika msimbo na sioni aibu. Strategia ya kitaifa ya akili unde ilizinduliwa Machi 2025, na treni hii haitusubiri. Ila kwa vijana wanaotengeneza gemu huku nina haya:

1. Jueni sheria. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inasema mtunzi wa kazi iliyotengenezwa na kompyuta ni yule aliyefanya matayarisho ya kuiwezesha. Marekani hawaoni hivyo. Februari 2023 ofisi yao ya hakimiliki ilikataa kulinda picha za Midjourney zilizomo katika kitabu cha Zarya of the Dawn, ikalinda maandishi na mpangilio tu. Maana yake, ukiuza gemu yako huko na wahusika wako wote wametoka kwenye mashine, mtu anaweza kuwachukua ukabaki unamtazama.

2. Mashine ifanye rasimu, isifanye sura. Kile ambacho mchezaji atakumbuka, yaani uso, sauti, mtaa, kipe binadamu. Sauti hasa. Kiswahili cha Mvita si cha Nairobi wala cha Dar, na ukiiachia mashine utapata kisicho cha popote.

3. Wekeni majina. Hata kama mlikuwa wawili. Na mkitumia akili unde, andikeni mliitumia wapi. Anayeficha anajenga deni.

4. Wale wa Nairobi ni wenzetu wa fani. Tukizungumza kuhusu "wafanyakazi wa gemu na teknolojia" tusiishie kwa wachoraji wa California. Aliyesoma uchafu ili mashine iwe safi ni mjaribu wa programu kama wajaribu wengine, na anastahili malipo na matibabu.

Najua wengine mtasema gharama. Ni kweli, mchoraji ana gharama. Lakini ukimlipa mchoraji wa Kisauni, mwakani atakuwa bora zaidi na atakuwa bado Kisauni. Ukilipa usajili wa mashine, mwakani mashine itakuwa bora zaidi na fedha itakuwa imevuka bahari kupitia ule ule mkongo wa Fort Jesus.

Mombasa ya mwaka 2552 ilishachorwa na watu wengine. Ya leo bado haijachorwa na mtu. Nani yuko tayari?