Bi Khole wa Unguja na Usiku wa Kumtorosha Barghash

Bi Khole binti Said alikuwa mmoja wa mabinti wa Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Omani na Zanzibar. Aliishi katika majumba ya kifalme ya Unguja katikati ya karne ya 19, na maisha yake hayakuwa marefu: alifariki katika miaka ya 1870. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la ukoo wake, iliporomoka mjini Zanzibar. Jumba hilo lilijengwa mwaka 1883 na Sultani Barghash, kaka yake Khole, ambaye kwa ajili yake bibi huyu alihatarisha heshima na utulivu wake wote.

Mengi yanayojulikana juu ya Khole yametoka kwa mdogo wake, Sayyida Salme, aliyeolewa na Mjerumani akaitwa Emily Ruete. Katika kumbukumbu zake, zilizochapishwa Ujerumani mwaka 1886, Salme anamsifu Khole kwa uzuri na kwa kupendwa na baba yao. Anasimulia kuwa shujaa mmoja wa Kiarabu, akimtazama Khole dirishani, aliegemea mkuki wake uliokuwa umemchoma mguu bila kusikia maumivu.

Seyyid Said alifariki baharini mwaka 1856, njiani kutoka Omani. Mwanawe Thuwaini akabaki na Maskati, na mwanawe mwingine, Majid, akashika Zanzibar. Barghash naye aliutaka utawala wa Unguja, na mwaka 1859 ukoo ukagawanyika. Khole alikuwa upande wa Barghash, akamvuta Salme, aliyekuwa na miaka 15 tu. Kwa kuwa Salme alikuwa amejifunza kuandika, jambo adimu kwa mabinti wa wakati huo, ndiye aliyeandika barua za njama.

Majid aligundua mpango huo, akaizingira nyumba ya Barghash kwa askari. Hapo ndipo dada hao wawili walipofanya jambo ambalo halikutarajiwa kwa wanawake wa jumba la Sultani. Usiku walijitanda shuka, wakaenda kwa miguu pamoja na watumishi wao hadi kwenye mlango uliolindwa. Askari waliwazuia. Walipojitambulisha kuwa ni mabinti wa Seyyid Said, wakuu wa askari waliona haya, wakawapisha. Ndani, Barghash alikataa kwanza kuvaa nguo za kike, kisha akakubali. Alifunikwa gubigubi, akatiwa katikati ya wanawake warefu, na msafara ukapita mbele ya walinzi walioinamisha macho kwa adabu.

Barghash alikimbilia shamba la Marseille, ambako wafuasi wake walikusanyika. Majid aliomba msaada wa Waingereza, uasi ukavunjwa, na Barghash akapelekwa uhamishoni Bombay. Majid hakuwaadhibu dada zake. Salme alipopatana naye baadaye, Khole aliona kuwa amesalitiwa, na mapenzi ya ndugu hao yakavunjika. Mwaka 1866 Salme alitoroka kwa manowari ya Kiingereza. Barghash, aliyekwisha kurudi, alirithi kiti mwaka 1870, Majid alipofariki.

Hata kwa Kisangani, mji wa Kongo ulio mbali ndani ya bara, habari za ukoo huu si ngeni. Pembe za ndovu kutoka eneo la mto Lualaba zilisafirishwa hadi Zanzibar, na watu wengi wa Kongo ya mashariki walitekwa na kutiwa utumwani katika biashara hiyo. Ni Zanzibar, Februari 1887, Barghash akiwa bado Sultani, ambako Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa, alikubaliana na mpelelezi Stanley kuwa gavana wa Stanley Falls, yaani Kisangani ya leo. Kiswahili kinachosemwa Tshopo, jimbo la Kisangani, kilifuata njia hiyo hiyo. Historia ya mji inayowataja Stanley na Tippu Tip peke yao inaanzia katikati.

Huko Unguja kwenyewe, kusini mwa mji wa Zanzibar, upande wa Bungi, yamebaki magofu yanayoitwa kwa jina la Bi Khole, pamoja na safu ya miembe mikubwa ambayo wenyeji husema ilipandwa kwa amri yake. Mashamba ya zama hizo yalilimwa na watumwa, na jambo hilo halina budi kuelezwa mahali hapo sawa na sifa za bibi mwenyewe. Miembe huzeeka na kuta huanguka. Beit al-Ajaib imeonyesha gharama ya kuchelewa. Magofu ya Bi Khole yanastahili matengenezo kabla hayajawa kifusi.